Kifaa cha Shilingi 1,500 Kinachosoma Injini: Tathmini Baada ya Miezi 14 Nairobi

Taa ya injini ilianza kupepesa asubuhi moja ya mwezi Machi mwaka jana, nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Thika muda mfupi kabla ya makutano ya Pangani, na papo hapo gari likaanza kutetemeka na kukosa nguvu kana kwamba kuna mtu aliyelishika kwa nyuma. Gari lenyewe ni Honda Fit ya mwaka 2010 yenye injini ya lita 1.3. Katika gereji ya kwanza niliyoifikia, kijana mmoja alichomeka mashine yake chini ya usukani, akaitazama kwa muda usiozidi dakika mbili, akaichomoa, kisha akaniandikia kwenye karatasi: katalitiki ya bomba la moshi (kifaa cha kusafisha gesi za moshi), sensa mbili za oksijeni na gharama ya ufundi, jumla shilingi 48,000. Nilipomwomba anionyeshe msimbo uliosomwa na mashine, alinijibu kwamba hiyo ni lugha ya mafundi na haingenisaidia. Nililipa shilingi 2,000 za uchunguzi, nikalikokota gari polepole hadi nyumbani Ngara, nikaliegesha, na alasiri hiyo hiyo nikashuka kwa miguu hadi Luthuli Avenue.

Huko ndiko nilikonunua kifaa ninachokitathmini hapa, kwa shilingi 1,500. Ni kijiboksi cha plastiki ya bluu kinachopitisha mwanga, kisichozidi sana ukubwa wa kiberiti, chenye pini 16 upande mmoja na taa tatu ndogo upande wa pili. Hakina kebo, hakina kioo na hakina swichi. Unakichomeka kwenye tundu lililo chini ya dashibodi upande wa dereva, kinaungana na simu kwa Bluetooth, na programu iliyo kwenye simu ndiyo inayofanya kazi ya kuonyesha kile ambacho kompyuta ya gari inakijua kuhusu injini yake. Nimekitumia kwa miezi 14, kwenye gari langu na kwenye magari ya watu wengine wapatao kumi, na nimepata muda wa kutosha wa kuzijua faida zake na kasoro zake.

Tundu hilo la pini 16 lipo katika karibu kila gari dogo linaloingia nchini siku hizi. Marekani ililazimisha kiwango cha tundu hilo na lugha yake, kiitwacho OBD-II, kwa magari yote madogo mapya kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yetu mengi yametengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na hapo kuna jambo la kuangalia: baadhi ya yale ya zamani yana tundu la umbo lile lile, lakini kompyuta yake huzungumza lugha ya kiwanda badala ya ile ya kiwango cha kimataifa, kwa hiyo kifaa kinawaka lakini hakipati jibu. Nilikutana na hali hiyo kwenye gari la shemeji yangu la mwaka 2003. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane, mengi yaliyonunuliwa miaka ya karibuni hayana tatizo hilo.

Jina ELM327 lililoandikwa juu ya kifaa lina historia inayompasa mnunuzi kuijua. Ni jina la chipu iliyobuniwa na Elm Electronics, kampuni ndogo ya Kanada, mwaka 2005, kazi yake ikiwa ni kutafsiri lugha mbalimbali za kompyuta za magari ziwe maandishi ya kawaida ambayo simu au kompyuta yoyote inaweza kuyapokea. Toleo la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa. Watu waliinyonya programu yote iliyokuwa ndani yake, na muda si mrefu soko likajaa nakala zilizouzwa kwa bei ambayo wabunifu wenyewe wasingeweza kuifikia. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Kwa sababu hiyo, karibu kila kifaa cha bei ya chini utakachokiona madukani ni nakala, na namba ya toleo iliyochapishwa kwenye boksi haina uzito wowote. Vingi vimeandikwa 1.5, toleo ambalo Elm Electronics haikulitoa kamwe. Muuzaji aliponiambia, "Hii ni orijino kabisa, ndugu yangu," sikumbishia, kwa maana nilijua ninachokinunua na bei ilikuwa inalingana nacho.

Kukiunganisha na simu ya Android hakukunichukua dakika tano. Unawasha swichi ya gari bila kuwasha injini, unatafuta kifaa kwenye orodha ya Bluetooth, unaandika namba ya siri 1234, kisha unafungua programu. Katika simu zenye Android 12 na kuendelea, programu itaomba ruhusa ya kufikia vifaa vilivyo karibu. Katika matoleo ya nyuma iliomba ruhusa ya kujua mahali ulipo, jambo lililowatia wasiwasi marafiki zangu kadhaa, ingawa lilikuwa sharti la Android yenyewe kwa programu yoyote inayotafuta vifaa vya Bluetooth. Wenye iPhone wawe waangalifu zaidi, kwa sababu simu hizo hazikubali Bluetooth ya aina ya zamani inayotumiwa na vifaa hivi vya bei nafuu. Wao wanahitaji kifaa chenye Wi-Fi au chenye Bluetooth ya nishati ndogo, na wauzaji wengi hawaijui tofauti hiyo, hivyo ni juu ya mnunuzi kuuliza.

Programu niliyoitumia zaidi ni Torque. Inasoma misimbo na kueleza maana yake, inakuruhusu kujipangia vipimo unavyovitaka kwenye kioo, na inahifadhi safari nzima kama jedwali unaloweza kulifungua baadaye kwenye kompyuta. Nilijaribu pia programu nyingine mbili za bure, ambazo sitazitaja kwa majina, na nikazifuta siku hiyo hiyo kwa sababu zilinionyesha tangazo kila nilipogusa kioo, na moja ilitaka kuisoma orodha ya watu walio kwenye simu yangu. Programu ya kusomea injini haina haja hata kidogo ya kumjua mama yangu, na ombi la namna hiyo linatosha kukataliwa papo hapo.

Sasa nirudi kwenye taa iliyokuwa ikipepesa. Simu ilinionyesha msimbo mmoja tu: P0302, maana yake silinda namba mbili inashindwa kuwaka. Hapakuwa na msimbo wowote unaohusu katalitiki wala sensa ya oksijeni. Chini ya msimbo huo palikuwa na kile kinachofanana na picha iliyopigwa wakati wa ajali, yaani hali ya injini katika sekunde ambayo kosa lilirekodiwa: mizunguko 1,480 kwa dakika, maji ya rejeta nyuzi 84, mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Hiyo ilikuwa foleni ya Pangani bila shaka yoyote. Niliinakili yote kwenye daftari kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu ukifuta msimbo, picha hiyo nayo hufutika, na utakuwa umeutupa ushahidi ulioutafuta.

Kipimo kilichonifungua macho zaidi kilikuwa kile cha marekebisho ya mafuta. Kompyuta ya gari hupima oksijeni inayotoka na moshi, na ikiona oksijeni imezidi hudhani kwamba petroli ni kidogo, ikaongeza. Marekebisho yakiwa ndani ya asilimia 10 kwenda juu au chini, kwa kawaida hakuna la kutisha. Langu lilikuwa asilimia 14 juu. Silinda isipowaka, hewa iliyovutwa ndani yake hutoka na oksijeni yake nzima bila kutumika, sensa inaiona na kutoa taarifa, kompyuta inaongeza petroli, na petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya katalitiki na kuiharibu kwa joto. Hiyo ndiyo sababu taa hupepesa badala ya kuwaka mfululizo: ni onyo la kusimamisha gari kabla hasara haijaongezeka. Sensa ya oksijeni ambayo gereji ilitaka kuitupa ilikuwa inasema kweli tupu. Iwapo ningelipa zile shilingi 48,000, ningefungiwa katalitiki mpya na kuanza kuiunguza siku hiyo hiyo.

Nilimpigia simu fundi mzee aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Alifika jioni na mkoba wake wa spana. Nilimwonyesha simu, nikamwambia, "Mzee, naomba kabla hatujanunua chochote tuhamishe koili ya silinda ya pili tuiweke kwenye ya tatu, tuone kama kosa litahama nayo." Akaitazama namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwa masikio, kijana wangu. Tunachomoa moja moja tukisikiliza. Haya, fungua boneti."

Katika injini ile kila silinda ina koili yake, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, iliyokaa juu ya plagi, imeshikwa kwa bolti moja ya milimita 10, kwa hiyo kazi yenyewe haikuchukua robo saa. Koili ya pili ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye shingo yake, na alama ya mvuke mweupe pembeni ya ufa, mahali ambapo umeme ulikuwa ukirukia chuma badala ya kushuka kwenye plagi. Haikuwa koili ya Honda. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa amefunga ya bandia isiyo na jina. Tuliihamishia kwenye silinda ya tatu, nikafuta msimbo, tukawasha injini, tukasubiri. Dakika ya nne hivi mtetemo ukarudi, na kwenye orodha ya misimbo inayosubiri kuthibitishwa ikajitokeza P0303. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili. Mzee alicheka kwa furaha ya kweli, akaniomba nimwonyeshe tena namba ile ili aitazame vizuri.

Koili halisi iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa Japani, ilinigharimu shilingi 3,200 huko huko Kirinyaga, na mzee alichukua 500 kwa kazi yake, kiasi ambacho nilikiongeza kwa hiari. Wiki mbili baadaye marekebisho ya mafuta yalikuwa yameshuka hadi asilimia 3. Kwa hesabu hiyo pekee kifaa kilikuwa kimelipa gharama yake mara nyingi.

Hata hivyo, ni lazima niseme kwa uzito kwamba msimbo hautaji kipuri cha kununua. Unataja dalili. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alisoma P0420 kwenye gari lake, msimbo unaosema kwamba utendaji wa katalitiki umeshuka chini ya kiwango, akaenda moja kwa moja kununua katalitiki. Taa ilirudi baada ya siku tisa. Kilichokuwa kimeharibika ni gasketi ya bomba la moshi, iliyokuwa ikivuta hewa ya nje na kuidanganya sensa. Mtu anayenunua kifaa hiki kwa matumaini kwamba kitachukua nafasi ya fundi mwenye uzoefu atajikuta anabadilisha vipuri kwa kubahatisha, tena kwa ujasiri zaidi kuliko awali, na hilo ni baya kuliko kutokuwa nacho. Thamani yake kubwa ni kwamba mwenye gari na fundi wanatazama namba moja na kujadiliana juu yake.

Kwa wale wanaopenda kuchokonoa vitu kama mimi, kifaa hiki kina utamu mwingine. Amri za kukipanga chenyewe huanza na herufi AT, mtindo ule ule uliotumiwa na modemu za simu tangu kampuni ya Hayes ilipouanzisha mwaka 1981, na mtu anaweza kuziandika mwenyewe kwenye kompyuta. Maswali kwa gari hayana AT: ukituma 010C unauliza mizunguko ya injini. Gari langu likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, lilijibu: 41 0C 0B 54. Namba mbili za mwisho ndizo jibu, zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita: 0B ni 11, na 54 ni 84. Zidisha 11 kwa 256, ongeza 84, gawa kwa 4, unapata mizunguko 725 kwa dakika. Ukituma 0105 unauliza joto la maji ya rejeta. Jibu likiwa 7F, yaani 127, unatoa 40 na kubaki na nyuzi 87. Nilipopata jibu la kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, bila programu ya mtu mwingine katikati, nilikaa kwenye gari hadi giza likaingia nikiuliza swali baada ya swali. Baadaye nilitumia maktaba ya bure ya kuandikia programu iitwayo python-OBD kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayopata umeme kutoka soketi ya kiberiti, na sasa kila safari inajiandika yenyewe.

Kati ya vipimo vyote, ninachokipenda zaidi ni cha shinikizo la hewa kwenye njia ya kuingilia injini, ambacho Honda hii inakitoa kwa amri ya 010B. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, kinachosomwa ni shinikizo la hewa ya mahali ulipo. Ngara kinasoma kilopaskali 83. Nilipokwenda Limuru kilisoma 78. Mwezi Agosti tulisafiri kwenda Mombasa, na kila tuliposimama nilizima injini, nikasubiri kidogo, nikasoma: Mtito Andei 93, Voi 95, na tulipoegesha Nyali ikawa 101. Mke wangu aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu kwenye maegesho. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18, hivyo injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kila dereva aliyelishusha gari dogo hadi pwani amehisi kwamba linachangamka. Nilifurahi kuona kwamba hisia hiyo ina namba.

Upande wa matumizi ya petroli, niliulinganisha usafiri wa barabara ya juu ya kulipia, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ule wa Barabara ya Mombasa iliyo chini yake saa za jioni. Wastani wangu ulikuwa kilomita 16 kwa lita juu na 10 chini. Namba hizo zichukuliwe kwa tahadhari, maana programu hukadiria petroli kutokana na hewa inayoingia, kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, na nilipolinganisha na risiti za pampu kwa matangi matano, makadirio yalikuwa yamelipendelea gari kwa takriban asilimia 8. Kwa kulinganisha njia mbili yanafaa. Kwa kupanga bajeti ya mwezi, tumia risiti.

Kasoro za kifaa chenyewe ni za kweli na mojawapo iliniumiza. Kwanza, ni cha polepole: kikiulizwa vipimo sita kwa pamoja, mshale wa mizunguko hurukaruka kwa kuchelewa, na mara mbili au tatu kwa wiki muunganiko hukatika hadi nikichomoe na kukirudisha. Pili, boksi linadai toleo la 2.1, lakini nilipokipa amri kadhaa zilizokuwepo katika matoleo ya zamani zaidi kilijibu kwa alama ya kuuliza, ishara kwamba hakizifahamu. Tatu, namba ya siri 1234 haibadilishiki, maana yake yeyote aliye karibu na gari lako anaweza kuungana nacho.

Kasoro ya nne ndiyo iliyoniumiza. Pini namba 16 ya tundu lile hupata umeme moja kwa moja kutoka betri, gari likiwa limezimwa au limewashwa, na kifaa kisicho na swichi hakilali kamwe. Mwezi Desemba tulikwenda mashambani kwa basi kwa wiki tatu, nikaliacha gari limeegeshwa na kifaa kimechomekwa. Niliporudi, rimoti haikufungua mlango, na betri ilikuwa imekauka kiasi cha kutoweza kuokolewa hata kwa kuchajiwa usiku kucha. Nilikipima kwa maltimita: kinakula miliampia 45 muda wote, yaani zaidi kidogo ya ampia-saa moja kwa siku, na kwa siku 21 ni karibu ampia-saa 23 kutoka kwenye betri ya ampia-saa 38 ambayo tayari inalisha saa, king'ora na kumbukumbu ya redio. Betri mpya ilinigharimu zaidi ya mara tano ya bei ya kifaa. Namwomba kila atakayekinunua akichomoe kila anapomaliza kukitumia, hata akiwa anapanda ghorofani kula chakula cha mchana, ili mkono uzoee.

Kuna mambo ambayo hakiyasomi kabisa, na wauzaji huahidi vinginevyo. Mifumo ya breki za ABS na mifuko ya hewa iko nje ya kiwango hiki na inahitaji programu ya kiwanda husika na kifaa bora zaidi. Hakitakuambia pia kilomita halisi za gari lililotumika. Watu watatu wameniomba niwasaidie kugundua kama kilomita zimerudishwa nyuma, na kwa magari ya umri huo kiwango cha OBD-II hakina swali hilo.

Hata hivyo, kinafaa sana mtu anapokwenda kununua gari kwenye yadi. Nilimsindikiza dada yangu kwenye yadi mojawapo kandokando ya Barabara ya Ngong, na gari alilolipenda halikuwa na taa yoyote iliyowaka. Niliomba ruhusa ya kuchomeka kifaa. Hapakuwa na msimbo hata mmoja, ila ukurasa wa majaribio ya ndani, yale ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe gari linapoendeshwa kwa siku kadhaa, ulionyesha kwamba karibu yote hayajakamilika, na kipimo cha umbali tangu misimbo ifutwe kilisoma kilomita 4. Kuna mtu aliyefuta makosa muda mfupi kabla ya sisi kufika. Nilimwonyesha muuzaji kwa heshima, akanyamaza, kisha akasema huenda betri ilichomolewa, jambo ambalo kweli linaweza kuleta matokeo hayo katika magari mengi. Tulimwomba alitumie gari kwa siku chache kisha tulirudie. Hakutupigia simu tena, na dada yangu alinunua jingine ambalo majaribio yake yote yalikuwa yamekamilika.

Baada ya kisa cha betri nilinunua kifaa cha pili kwa shilingi 4,800, chenye swichi ubavuni, na hicho ndicho ninachokitumia kila siku. Kinajibu kwa kasi inayoonekana kwa macho, hakijakatika hata mara moja kwa miezi minne, na kinazijua amri zote nilizokijaribu nazo. Walio na uwezo zaidi waangalie vifaa vya OBDLink, ambavyo havitumii nakala ya ELM327 kwa kuwa vina chipu yao ya STN inayoelewa amri zile zile na nyingine nyingi. Kile cha bluu nimempa fundi wangu mzee, pamoja na simu yangu ya zamani yenye Torque, na ananiambia wateja wake sasa humwomba awaonyeshe namba kabla hawajatoa pesa.

Kwa mtu mwenye gari la Kijapani lisilo la zamani sana anayetaka kujaribu, kile cha shilingi 1,500 kinatosha kwa kusoma na kufuta misimbo, kwa sharti la kukichomoa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akiunganishe na simu yako mwenyewe hapo dukani, maana baadhi ya vifaa hivi havionekani kabisa kwenye orodha ya Bluetooth. Wengi wana betri ya volti 12 na tundu la majaribio nyuma ya kaunta. Dai risiti yenye muhuri na siku ya kununua, na uulize kama wanabadilisha kifaa kisichoelewana na gari lako. Aliyeniuzia alinipa siku saba na akaziandika kwenye risiti kwa kalamu.